Andrzej Wajda: ilikuwaje serikali ikamlipa mtu aliyeisema?

Tarehe 6 Machi 2026 ni miaka 100 tangu azaliwe Andrzej Wajda, mwongozaji wa filamu wa Poland, ambaye jina lake hutamkwa kama "Anjei Vaida". Kila jina hilo linaporudi midomoni mwa wapenzi wa sinema, hurudi na ubishi wake wa zamani. Mmoja atakuambia Wajda alikuwa mtu wa serikali ya kikomunisti, kwa kuwa filamu alizopiga nyumbani kwa zaidi ya miaka 30 zililipiwa na serikali hiyo. Mwingine atakuambia alikuwa mpinzani wake mkubwa, kwa kuwa filamu zake zilikatwa vipande na nyingine zikaondolewa kwenye kumbi. Wote wawili wana ushahidi mkononi, ndiyo maana ubishi hauishi.

Mimi naona fundo hili linafunguka ukianza na swali dogo zaidi: filamu ilitengenezwaje Poland siku zile, na kila mlango alioupita mwongozaji ulikuwa na mlinzi gani?

Tuanze na maneno. Mwongozaji ndiye anayeamua mwigizaji asimame wapi, kamera itazame nini, mwanga utoke upande gani. Si lazima awe mwandishi wa hadithi, na mara nyingi siye mwenye fedha. Mwenye fedha huitwa mtayarishaji. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Poland iliangukia chini ya utawala wa kikomunisti uliosimama kwa nguvu za Umoja wa Kisovieti, na utawala huo ulidumu hadi 1989. Tangu 1945 sinema ilikuwa mali ya dola: studio, maabara za kusafishia filamu, kumbi za maonyesho, hadi utepe wenyewe uliopita ndani ya kamera. Mtu akikuuliza kwa nini Wajda alichukua fedha za serikali, jibu ni kwamba hapakuwa na fedha nyingine. Asiyezichukua alikaa nyumbani.

Lakini mwenye mali na mwenye usukani si lazima wawe mtu mmoja. Fikiria wavuvi ambao jahazi si lao. Tajiri ndiye mwenye chombo, na samaki watauzwa kwake. Hata hivyo, baharini yuko nahodha. Yeye ndiye anayejua upepo, anayechagua mabaharia na kuamua nyavu zitupwe wapi. Poland ilikuwa na manahodha wa namna hiyo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 watengenezaji wa filamu walipangwa katika vikundi vya utayarishaji. Kila kikundi kiliongozwa na msanii anayeheshimika, na humo ndani vijana walifundwa, miswada ya filamu ilisomwa na mipango ikatengenezwa. Fedha zilitoka kwa dola, ila mawazo yalizaliwa kikundini. Wajda aliongoza kikundi kilichoitwa X kuanzia 1972, na Agnieszka Holland, anayejulikana leo duniani kote, ni miongoni mwa waliokulia humo. (Krzysztof Kieślowski, ambaye watu humchanganya sana na Wajda, alikuwa kikundi kingine, Tor.)

Mkasi haukuwa mmoja

Kosa la pili katika mabishano haya ni kumfikiria mkaguzi kama mzee mmoja ofisini mwenye mkasi. Ofisi ilikuwepo kweli. Ilikuwa Warsaw, ikisimamia magazeti, vitabu na maonyesho yote kuanzia 1946 hadi 1990. Lakini filamu ilipita milango mingi kabla na baada ya hapo. Kwanza muswada ulisomwa, na miswada mingi ilifia hapo. Filamu ikikamilika, ilionyeshwa kwa jopo la maofisa, wanachama wa chama na wasanii wenzake mwongozaji, ambao walikaa na kuijadili: hapa paondolewe, pale pafupishwe. Ikishapita, bado palikuwa na mlango wa tatu ambao watu huusahau: filamu ionyeshwe kumbi ngapi, na magazeti yaruhusiwe kusema nini juu yake. Filamu inaweza kuruhusiwa na bado isionekane.

Zile zilizokataliwa kabisa ziliwekwa rafuni. Kwa Kipolandi, neno la kanali wa jeshi hutamkwa karibu na neno la rafu, basi watu wakaziita filamu hizo "makanali". Kikundi cha X kilimzaa kanali mmoja maarufu, filamu ya Ryszard Bugajski juu ya mwanamke anayeteswa gerezani enzi za Stalin. Ilikamilika 1982. Wananchi waliruhusiwa kuiona ukumbini 1989, na kikundi chenyewe kilikuwa kimevunjwa tangu 1983.

Sasa ndipo kazi ya Wajda inapoanza kueleweka.

Msomaji aliyekulia pwani anajua kanga inavyosema. Mwanamke ananunua kanga yenye maneno, anajifunga, anapita mbele ya nyumba ya jirani yake. Hakumtaja mtu. Huwezi kumpeleka kwa mjumbe, maana atauliza: maneno haya mimi nimeyaandika? Na jirani akilalamika, amejitaja mwenyewe. Ujumbe umefika kwa sababu mtaa mzima unajua kisa, na kanga yenyewe haina haja ya kukisimulia.

Wajda alisoma uchoraji katika chuo cha sanaa cha Kraków kabla ya kuingia shule ya filamu ya Łódź, na aliyatazama mambo kwa jicho la mchoraji. Alieleza mara nyingi kwamba wakaguzi walifanya kazi na maneno. Walisoma muswada na kupiga mstari chini ya sentensi. Picha ni kitu kingine. Kilichomo ndani ya picha hukamilishwa na mtazamaji, na huwezi kupiga mstari wa wino chini ya kile ambacho mtazamaji amekuja nacho kutoka nyumbani.

Ukingo wa mto ulio mtupu

Tazama *Kanał*, filamu yake ya 1957. Jina hilo ni mfereji, na hapa ni mfereji wa maji taka unaopita chini ya jiji. Tarehe 1 Agosti 1944 jeshi la siri la Wapolandi, lililoitwa Jeshi la Nyumbani, lilianzisha uasi Warsaw dhidi ya Wajerumani. Mapigano yalidumu siku 63. Jeshi la Kisovieti lilifika upande wa pili wa mto Vistula na kubaki pale huku jiji likiteketezwa. Kwa Wapolandi hilo ni donda hadi leo, na mwaka 1957 huwezi kulitamka hadharani, kwa kuwa Umoja wa Kisovieti ndio "mkombozi" na rafiki mkubwa wa taifa.

Filamu inafuata kikosi kilichozingirwa, kinachoteremka ndani ya mifereji kujaribu kutoroka. Msichana aitwaye Stokrotka anamkokota mpenzi wake Korab, aliyejeruhiwa na ambaye macho yake hayaoni tena vizuri. Wanatambaa kwenye uchafu hadi wanauona mwanga. Ni mdomo wa mfereji, unaotokea mtoni. Wanafika, na mbele yao pana nondo nene. Korab hana nguvu tena za kufumbua macho, basi Stokrotka anamdanganya kwa upole, asijue kwamba njia imefungwa. Kisha yeye anatazama nje kupitia nondo zile. Kamera inatazama pamoja naye: maji, na ng'ambo ya mto ukingo uliotulia, hauna mtu.

Hakuna neno linalosemwa juu ya ukingo ule. Mkaguzi angekata nini? Ni mto tu. Lakini kila aliyekaa ukumbini alijua ng'ambo ile alikuwa amesimama nani mwaka 1944, na hakuja.

Nisije nikaeleweka kwamba nchi nzima ilishangilia. Wengi waliopoteza watoto na ndugu katika uasi ule walitaka kuona mashujaa, wakaonyeshwa vijana wanaokufa kwenye maji machafu. Filamu ilipata tuzo maalumu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka huohuo, na nyumbani ilipokewa kwa uchungu. Mwandishi wa muswada, Jerzy Stefan Stawiński, alikuwamo kwenye uasi, alichokiandika alikipitia.

Mwaka uliofuata ikaja *Popiół i diament*, yaani "Majivu na Almasi", kutokana na riwaya ya Jerzy Andrzejewski. Ni mwisho wa vita, Mei 1945, na karibu kila kitu kinatokea ndani ya usiku mmoja. Maciek, kijana wa jeshi la siri, ameagizwa kumuua kiongozi wa kikomunisti aitwaye Szczuka. Baa ya hoteli ndipo penye onyesho ambalo Wapolandi wanalijua kwa moyo: Maciek anapanga glasi za pombe kali kaunta, anaziwasha kiberiti moja baada ya nyingine, na rafiki yake anayataja majina ya wenzao waliokufa, jina moja kwa kila mwali. Glasi zimekuwa mishumaa ya makaburini, katika nchi ambayo wanajeshi wa kundi hilo walikuwa wakifungwa na kuitwa wasaliti.

Mwishoni Maciek anampiga risasi Szczuka, na mzee yule anaangukia kifuani kwa muuaji wake huku fataki za ushindi zikipasuka angani. Alfajiri Maciek naye anapigwa risasi, anakufa akijikunyata kwenye jalala. Chama kilikuwa na haki ya kusoma fumbo hili kwa njia yake: anayetupinga huishia takatakani. Watazamaji walisoma vingine. Walimlilia Maciek, na kuchukizwa na dunia inayomtupa kijana wa namna ile jalalani. Zbigniew Cybulski, aliyemwigiza akiwa amevaa miwani yake myeusi, akawa kipenzi cha kizazi kizima.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa Wajda hulipitia haraka. Filamu yake ndefu ya kwanza, *Pokolenie* ya 1955, haikuwa na fumbo la aina hii. Inawasifu vijana wakomunisti wakati wa ukaliaji wa Wajerumani, na Jeshi la Nyumbani haliangaliwi kwa haki, ingawa Wajda mwenyewe alilitumikia alipokuwa kijana. (Roman Polański ameigiza humo, na huenda ndiyo moja ya sababu watu huwachanganya.) Sioni faida ya kumfichia. Alianza pale mlango ulipokuwa wazi, na akaupanua kadiri nyakati zilivyoruhusu. Mwaka 1956 siasa zililegea, ndipo *Kanał* ikawezekana. Ukimtenga na tarehe hizo, utamfanya shujaa wa ngano au kibaraka, na hakuwa lolote kati ya hayo.

Mwashi wa matofali na muswada uliongoja

Filamu inayoonyesha mashine nzima ikifanya kazi ni *Człowiek z marmuru*, "Mtu wa Marumaru". Aleksander Ścibor-Rylski aliandika muswada mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ulikataliwa. Wajda hakuutupa, alingoja zaidi ya miaka kumi, hadi waziri wa utamaduni Józef Tejchma alipokubali kubeba dhamana.

Kisa ni hiki. Miaka ya 1950 serikali ilijenga mji wa viwanda wa Nowa Huta karibu na Kraków, na ilihitaji mashujaa wa kazi wa kuwekwa kwenye mabango. Mateusz Birkut, mwashi wa kawaida, anachaguliwa kuvunja rekodi: matofali zaidi ya 30,000 kwa zamu moja, mbele ya kamera. Anachongewa sanamu ya marumaru. Kisha siku moja mtu anampitishia tofali lililochomwa moto, mikono yake inaungua, na shujaa anaanza kuporomoka. Anatoweka. Miaka 20 baadaye Agnieszka, mwanafunzi wa filamu, anamtafuta. Anaikuta sanamu imelala kwenye ghala la makumbusho nyuma ya mlango uliofungwa, anaingia kwa hila na kamera yake, anaikalia kama mtu aliyepanda farasi na kuanza kupiga picha. Krystyna Janda, aliyecheza nafasi hiyo, alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye sinema. Anatembea kwa hatua ndefu, hatulii, hasubiri ruhusa ya mtu.

Filamu ilikatwa mwisho wake. Desemba 1970 wafanyakazi wa miji ya bandari waliandamana kupinga kupandishwa kwa bei ya vyakula, na jeshi likawafyatulia risasi, makumi walikufa. Katika kisa, Birkut alikuwa mmoja wao, na onyesho la kaburi lake likaondolewa. Kilichobaki ni mazungumzo mafupi kwenye lango la kiwanda cha meli cha Gdańsk: mwana wa Birkut anamwambia Agnieszka kwamba baba yake amekufa. Basi. Hakuna anayeeleza lini wala vipi. Mkaguzi alifuta kaburi, lakini lango la kiwanda likabaki kwenye picha, na kila Mpolandi aliyeona lango lile na kusikia neno "amekufa" aliijaza tarehe mwenyewe.

Ilianza kuonyeshwa Februari 1977. Katika tamasha la filamu la Gdańsk mwaka huo haikupewa tuzo rasmi, basi waandishi wa habari wakampa Wajda tuzo yao: tofali lililofungwa utepe, wakamkabidhi kwenye ngazi. Mwaka huohuo mfanyakazi wa ofisi ya udhibiti tawi la Kraków, Tomasz Strzyżewski, alitorokea Sweden na kurasa za maagizo ya siri alizozinakili. Ndipo dunia ikasoma kwa macho yake orodha ya yasiyotakiwa kusemwa.

Agosti 1980 wafanyakazi wa Gdańsk waligoma, na miongoni mwa madai yao 21 lilikuwamo la uhuru wa kusema na kuchapisha. Wajda alikwenda kuwatembelea. Alisimulia kwamba mfanyakazi mmoja pale kiwandani alimtaka atengeneze filamu juu yao, na jina akampa yeye yule: "Mtu wa Chuma". Ikapigwa kwa haraka, matukio yakiwa bado yana moto, Lech Wałęsa, kiongozi wa wagomaji, mwenyewe akionekana ndani yake. Humo ndimo Birkut alipopata hatimaye kifo chake kilichosimuliwa wazi. Mei 1981 ilitwaa tuzo kuu ya Cannes. Tarehe 13 Desemba serikali ikatangaza sheria ya kijeshi, filamu ikaondolewa, na Wajda akaenda kufanya kazi Ufaransa, alikopiga *Danton* na Gérard Depardieu.

Jina lililokosewa kwenye orodha

Kuna jambo moja ambalo fumbo halikulifikia. Tarehe 5 Machi 1940 uongozi wa Umoja wa Kisovieti, Stalin akiwemo, uliidhinisha kuuawa kwa wafungwa wa Kipolandi: maofisa wa jeshi, polisi, wasomi. Waliouawa ni takriban 22,000. Wengi hudhani wote waliuawa katika msitu wa Katyń. Katyń ni mahali pamoja tu kati ya kadhaa. Jina hilo limebebeshwa mauaji yote kwa sababu makaburi yake ndiyo yaliyogunduliwa kwanza, mwaka 1943. Wasovieti waliwasingizia Wajerumani, na walishikilia uongo huo hadi Aprili 1990.

Baba yake Wajda, ofisa aitwaye Jakub, aliuawa Kharkiv, Ukraine. Orodha ya majina ya Katyń ilipochapishwa, lilikuwamo jina Wajda, lakini jina la kwanza lilikuwa jingine. Kosa hilo dogo lilitosha kumpa mama yake Wajda tumaini. Aliendelea kumngoja mumewe hadi alipofariki mwaka 1950.

Kisa hiki kina njia inayofika hadi kwetu. Aprili 1940 familia za maofisa waliokamatwa zilisombwa kwenye treni hadi Kazakhstan, na wengine wengi walipelekwa Siberia. Walioruhusiwa kutoka 1942 walipitia Uajemi, na maelfu ya wanawake na watoto wakaletwa Afrika Mashariki. Kambi kubwa zaidi ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Masindi na Koja, Uganda. Makaburi ya Wapolandi yapo Tengeru hadi leo.

Wajda hakuweza kupiga filamu juu ya mauaji yale hadi utawala wa kikomunisti ulipoanguka. *Katyń* ilizinduliwa Warsaw tarehe 17 Septemba 2007, siku Wasovieti walipoivamia Poland mwaka 1939, na aliiweka wakfu kwa wazazi wake. Alikuwa na miaka 81. Humo ndani hakuna kufumba. Dakika za mwisho zinaonyesha mauaji yenyewe, mtu mmoja baada ya mwingine, mikono imefungwa nyuma, sala imekatika katikati.

Wengine hudhani uhuru ulimrahisishia kazi. Naona ulimwongezea ugumu. Watazamaji waliozoea kukamilisha picha vichwani mwao sasa waliambiwa kila kitu na magazeti, na vijana walitaka filamu za Marekani. Alikuwa seneta kuanzia 1989 hadi 1991. Mwaka 2000 alipewa Oscar ya heshima, akahutubia kwa Kipolandi, akieleza kwamba siku zote alifikiri na kuhisi kwa lugha hiyo. Sanamu yenyewe akaitoa kwa Chuo Kikuu cha Jagiellonian, Kraków.

Alifariki tarehe 9 Oktoba 2016, akiwa na miaka 90, mara tu baada ya kukamilisha filamu yake ya mwisho, *Powidoki*. Inamhusu Władysław Strzemiński, mchoraji mwenye mkono mmoja na mguu mmoja, ambaye utawala ulimfukuza kazi kwa sababu hakukubali kuchora kama alivyoagizwa. Mwanzoni mwa filamu mzee huyo yuko chumbani kwake Łódź, ameweka turubai jeupe mbele yake, anajiandaa kuchora. Ghafla chumba chote kinakuwa chekundu. Nje, wanapandisha bango kubwa la Stalin, na limefunika dirisha lake. Mikono yake ni myekundu, turubai ni jekundu, rangi zote zimepotea. Anasogea dirishani, ananyanyua gongo lake na kulichana bango, na mwanga wa mchana unaingia kupitia tundu lile.